Msemaji asiyeruhusiwa kusema

Kabla minada ya korosho haijahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, katika msimu wa 2024/25, mnada wa Newala ulikuwa unafanyika hadharani kwa maana kamili ya neno hilo. Wakulima wanakaa chini ya miembe au kwenye viti vya plastiki vya chama cha msingi. Sanduku la zabuni linafunguliwa mbele yao. Barua za wanunuzi zinasomwa moja baada ya nyingine kwa kipaza sauti: kampuni fulani, tani kadhaa, bei kadhaa kwa kilo. Barua zikiisha, wakulima wanaulizwa kama wanauza. Wakikubali, mzigo umekwenda. Wakikataa, korosho inaendelea kulala ghalani. Bibi ambaye hajawahi kukanyaga darasa anarudi kijijini kwake akijua bei ya juu, bei ya chini na jina la kampuni iliyochukua mzigo.

Jioni ya siku hiyo hiyo, mwandishi wa habari aliyekwama Mtwara mjini kwa kukosa nauli anapiga simu ofisini kuuliza bei ile ile iliyosomwa mbele ya umati. Anaambiwa bosi yuko kikaoni. Anapiga tena saa moja baadaye. Anaambiwa atume maswali kwa maandishi, kwenye karatasi yenye nembo ya chombo chake. Anatuma. Kesho yake anaambiwa suala hilo linasemewa na mkoa, siyo wilaya. Mkoa unamrudisha wilayani. Siku ya tatu bei imeshabadilika, mhariri ameshajaza ukurasa kwa habari nyingine, na mkulima wa kijiji cha jirani, ambaye mnada wake ulikuwa unafuata, ameingia mnadani bila kujua wenzake waliuza kwa kiasi gani.

Waandishi wa habari na maafisa habari wanagombana kila mahali, kuanzia Dar es Salaam mpaka London, na wengi wamezoea kuuchukulia ugomvi huo kama kero ya watu wawili wa fani zinazokaribiana. Lakini Dar es Salaam ina milango mingi. Mwandishi akifungiwa wizarani atakwenda benki, chuo kikuu, ubalozini, kwa mbunge au kwa wakili. Masasi na Newala, mkoani Mtwara, milango inahesabika. Bei ya korosho, makato, salfa ya kupulizia mikorosho, malipo yaliyochelewa, siku ambayo maji ya mradi wa Makonde yatafika bombani: karibu yote haya yamo kwenye mafaili ya halmashauri, ya vyama vya ushirika na ya taasisi chache za serikali. Ofisi moja ikinyamaza, habari imekufa hapo hapo.

Waandishi wana makosa yao, na makala haya hayatayafunika. Lakini sehemu kubwa ya kero hii inatengenezwa na wakuu wa ofisi za umma wanaomwajiri mtu, wakamwita afisa habari, wakamkabidhi kamera, kisha wakamnyima ruhusa ya kutamka hata namba moja.

Mtazame afisa habari wa halmashauri katika siku yake ya kawaida. Asubuhi anatakiwa kwenye msafara wa mkuu wa wilaya. Saa tano mkurugenzi anataka picha za kikao cha lishe zipande kwenye ukurasa wa halmashauri. Mchana kuna ugeni kutoka mkoani na yeye ndiye mshereheshaji, ndiye anayehakikisha spika zinatoa sauti, ndiye anayepiga picha ya pamoja. Jioni anaandika taarifa ya ziara, anampelekea bosi, bosi anaongeza majina ya viongozi waliosahauliwa, anarudisha. Hana gari. Mara nyingi kitengo kizima ni yeye peke yake. Zipo ofisi ambako, kikao cha menejimenti kikianza kujadili hesabu za ushuru, yeye huitwa apige picha za ufunguzi, kisha anatoka nje na kamera yake. Mtu huyo ndiye anayetarajiwa saa kumi na moja jioni amweleze mwandishi kwa nini kijiji fulani hakijalipwa.

Anajua nini kuhusu malipo hayo? Anajua kile alichosikia koridoni. Akikitamka na kikaonekana gazetini, ataandikiwa barua ya kujieleza. Akinyamaza hakuna atakayemuuliza. Kanuni za utumishi wa umma zinamtaka asiseme bila idhini, na mwenye idhini ni mkuu wa taasisi, ambaye naye anamwangalia aliye juu yake. Katika mazingira hayo kunyamaza ni busara ya kulinda mkate wa watoto, na ni vigumu kumlaumu kijana wa ajira mpya kwa hilo.

Upande wa pili yupo mwandishi wa mikoani. Wengi wao hawana mshahara. Wanalipwa kwa habari, tena kwa habari iliyotoka. Akisafiri kutoka Mtwara hadi Newala, akalala gesti, akarudi na stori ambayo mhariri ameikataa kwa sababu imelala upande mmoja, gharama yote ni yake. Na stori hulala upande mmoja kwa sababu gani? Kwa sababu afisa hakupokea simu. Hapo ndipo hasira ya waandishi inapozaliwa: kimya cha ofisi kinageuka kuwa silaha ya kuzuia habari, maana mhariri makini hatatoa madai ya wakulima bila majibu ya anayelalamikiwa. Ofisi isiyojibu inashinda bila kufungua mdomo.

Ili mwandishi huyo ale, anabaki na njia rahisi. Apande gari la halmashauri. Msafara wa kiongozi unapita Masasi, unapanda Newala, kuna jiwe la msingi, kuna hotuba, kuna chakula, na jioni kuna taarifa iliyokwisha kuandikwa, imefika kwenye kundi la WhatsApp pamoja na picha. Kesho yake vyombo vinne vinatoa habari yenye maneno yale yale, wakati mwingine na kosa lile lile la tahajia. Afisa habari amefurahi, mhariri amepata cha kujazia ukurasa, mwandishi amelipwa. Msomaji wa Newala amejifunza kwamba kiongozi alikuja, jambo alilolijua kwa sababu alizuiwa barabarani msafara ulipokuwa unapita.

Sehemu hii ya nchi imetoa mtu aliyekaa kwenye viti vyote viwili, cha mwandishi na cha msemaji. Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938. Mwaka 1966 alikabidhiwa uhariri wa magazeti ya chama tawala, The Nationalist na Uhuru. Mwaka 1972 akawa mhariri wa Daily News, gazeti lililotokana na kuunganishwa kwa The Nationalist na The Standard, ambalo serikali ilikuwa imelitaifisha mwaka 1970. Mwaka 1974 akahamia Ikulu kuwa mwandishi wa habari wa Rais Julius Nyerere. Miaka miwili baadaye akapewa kazi ya kuanzisha Shirika la Habari Tanzania, SHIHATA. Baada ya hapo alikuwa waziri wa mambo ya nje, waziri wa habari, balozi, na kuanzia 1995 hadi 2005 rais wa nchi.

Katika njia hiyo kuna mambo mawili yanayoeleza ugomvi wa leo. La kwanza ni kwamba Mkapa alipokuwa msemaji alikuwa karibu na anayeamua. Mwandishi aliyemuuliza kitu alikuwa anazungumza na mtu aliyejua serikali inawaza nini, na ambaye mwenyewe aliwahi kukaa chumba cha habari usiku akisubiri ukurasa wa kwanza ufungwe. Msemaji wa aina hiyo ana thamani. Afisa habari wa halmashauri, ambaye mara nyingine anapata uamuzi wa ofisi yake kwa kuusoma kwenye kundi la WhatsApp sawa na waandishi, hana cha kumpa mtu hata akitaka.

La pili lina uzito zaidi. Katika miaka hiyo mhariri na msemaji walikuwa na mwajiri mmoja. Magazeti makubwa yalikuwa ya chama na serikali, redio ilikuwa ya serikali, na kazi iliyotangazwa kwa wote ilikuwa kujenga taifa. Mtu aliweza kutoka kiti cha mhariri kwenda kiti cha Ikulu bila yeyote kuona amevuka mpaka, kwa sababu mpaka wenyewe haukuwepo. Nchi iliruhusu magazeti binafsi miaka ya mwanzo ya 1990, lakini fikra za zamani hazikuondoka ofisini. Mpaka leo mkuu wa ofisi akimwambia mwandishi "tusaidiane", anamaanisha kwamba kazi ya mwandishi ni kuisaidia ofisi. Mwandishi anayeuliza swali gumu anaonekana amesaliti. Mkapa mwenyewe, mhariri wa zamani, alipokuwa rais alizoea kuhutubia taifa moja kwa moja kila mwisho wa mwezi kwa redio na televisheni. Wananchi walimsikia kiongozi wao kwa sauti yake, na hilo lilikuwa jambo zuri. Lakini katika hotuba hakuna mtu wa kunyoosha mkono.

Mwananchi akishindwa kutofautisha mwandishi na msemaji, anayelipa gharama ni mwandishi. Mtwara iliiona gharama hiyo mwaka 2013. Januari 26 mji wa Masasi ulilipuka kwa vurugu zilizoanzia kwenye mvutano wa polisi na waendesha bodaboda. Watu walikufa, ofisi za umma na nyumba za wanasiasa zilichomwa. Mei 22, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, Mtwara mjini nako kukawaka kwa sababu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Miongoni mwa nyumba zilizochomwa ni ya mwandishi wa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC. Hakuna sababu yoyote inayoweza kuhalalisha kuichoma nyumba ya mtu, na familia ile haikuwa na kosa. Lakini ni wajibu kuuliza ilikuwaje mpaka umati ukamwona mwandishi kuwa sehemu ya serikali. Kwa miezi mingi kabla ya siku hiyo watu walikuwa wanauliza gesi itawaachia nini, na kilichowafikia kilikuwa matamko. Mwandishi ndiye aliyekuwa akibeba matamko hayo hadi kwenye masikio yao.

Kisha ukaja msimu wa korosho wa 2018/19, ambao hakuna mkulima wa Masasi wala Newala atakayeusahau. Msimu uliotangulia bei kwenye baadhi ya minada ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 wanunuzi walikuja na bei za chini ya 3,000, na wakulima kwenye minada ya Newala na Tandahimba wakakataa kuuza. Tarehe 10 Novemba Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, Charles Tizeba wa Kilimo na Charles Mwijage wa Viwanda na Biashara. Tarehe 12 akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuikusanya na kuisomba.

Kuanzia siku hiyo maswali yalikuwa mepesi na ya haki. Nani amelipwa? Kijiji gani bado? Uhakiki wa wenye mzigo mkubwa unafanywaje, na mkulima aliyekusanya korosho za ndugu zake watatu anatofautishwaje na mfanyabiashara wa kangomba, yule anayemwahi mkulima mwenye shida kwa kopo na bei ya kutupa? Hakuna afisa habari wa halmashauri aliyekuwa na nafasi ya kuyajibu. Operesheni ilikuwa ya kitaifa, na wasemaji walikuwa mawaziri na wakuu wa mikoa. Namba zilitolewa kwa jumla, mabilioni kadhaa yamelipwa, maelfu kadhaa ya wakulima. Mama aliyekuwa anasubiri fedha ya ada ya mtoto hawezi kujiona ndani ya namba ya jumla.

Mwandishi angeweza kwenda kijijini akahesabu mwenyewe. Lakini Septemba ya mwaka huo huo Bunge lilikuwa limebadilisha Sheria ya Takwimu, likafanya kosa kutoa takwimu zinazopotosha au kupinga takwimu rasmi, kwa adhabu isiyopungua faini ya shilingi milioni 10 au kifungo cha miaka mitatu. Kipengele hicho kiliondolewa Juni 2019, baada ya Benki ya Dunia na wengine wengi kukipinga. Kwa hiyo msimu mzima wa operesheni, kuanzia tangazo la Novemba hadi mavuno yalipokwisha kusombwa, mwandishi wa Masasi aliyetaka kuandika kwamba nyumba kadhaa za kijiji kimoja hazijapata hela alikuwa anaandika huku akifikiria jela. Msemaji hakuwa na ruhusa ya kutoa namba, na mwandishi alikuwa na sababu ya kuogopa kuitafuta.

Tukio lililoonyesha ubaya wa hali hiyo lilifanyika mbele ya kamera. Tarehe 30 Januari 2019, jijini Dar es Salaam, Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko ilisaini mkataba wa kuiuzia kampuni ya Indo Power Solutions ya Kenya tani 100,000 za korosho kwa takribani shilingi bilioni 418. Mawaziri walikuwepo, kalamu zilipokezanwa, mikono ikashikwa, picha zikapigwa. Taarifa kwa vyombo vya habari ilikuwa na kila kitu isipokuwa jambo moja: kampuni hii ni ya nani na imewahi kununua korosho wapi. Waandishi wa Kenya ndio waliokwenda mbele na swali hilo, na walichokuta ni kampuni isiyojulikana katika biashara ya korosho. Serikali ya Tanzania ilianza kwa kuitetea. Ilipofika Mei, mkataba ukatangazwa kuwa umevunjika. Korosho ilikuwa bado ghalani, na msimu mpya ulipoanza Oktoba 2019 wapo wakulima waliokuwa hawajalipwa za msimu uliopita.

Hebu fikiria hafla ile ingekuwaje kama afisa mmoja wa mawasiliano angekuwa na haki ya kumwambia bosi wake siku moja kabla: waandishi watauliza rekodi ya kampuni hii, tuwe nayo mkononi. Angekuwa ameiokoa serikali na fedheha, na huenda angeuokoa mzigo. Hiyo ndiyo kazi halisi ya afisa uhusiano. Ni kuleta ndani maswali ya walio nje, kabla hayajawa makosa. Wanaojua fani hii wanamkumbuka Mmarekani Ivy Lee. Oktoba 1906 treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilitumbukia majini Atlantic City na zaidi ya watu 50 wakafa. Desturi ya kampuni za wakati ule ilikuwa kuficha. Lee aliishauri kampuni iandike taarifa ya kilichotokea na iwapeleke waandishi mahali pa ajali wakaone wenyewe. Fani nzima ya taarifa kwa vyombo vya habari inajivunia siku hiyo kama chanzo chake. Mwanzo wake ulikuwa kufungua mlango. Anayetumia taarifa kwa vyombo vya habari kufunga mlango ameitumia kinyume na alivyokusudia mwanzilishi wake.

Sasa makosa ya waandishi, ambayo maafisa habari wanayalalamikia kwa haki. Wapo wanaofika baada ya shughuli kwisha na swali lao la kwanza ni nauli. Bahasha imekuwa sehemu ya bajeti ya hafla, imeandikwa kwenye fungu la posho, na afisa asiyekuwa nayo anajua habari yake haitatoka. Wapo makanjanja, wasio na chombo wala kitambulisho, wanaopiga simu usiku wakisema wana stori mbaya ya mkurugenzi na wanaweza "kuimaliza". Wapo waandishi halali ambao hawasomi hata taarifa waliyotumiwa, wanaandika Masasi kuwa iko Lindi, wanachanganya MAMCU, chama kikuu cha ushirika cha Masasi na Mtwara, na TANECU cha Tandahimba na Newala, kisha hawasahihishi. Afisa aliyeumwa mara moja na kichwa cha habari cha uongo atakaa kimya kwa miaka mitano, na kimya chake kitawaumiza waandishi kumi waadilifu.

Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, iliyozinduliwa Machi 2025 chini ya uenyekiti wa Tido Mhando, imeanza kutoa vitambulisho na itawapunguza makanjanja. Lakini kitambulisho hakimlipi mtu nauli ya kwenda Newala. Wamiliki wa vyombo vya habari wanajua kabisa kwamba mwandishi wao wa Masasi anaishi kwa posho za anaopaswa kuwahoji, na wamelinyamazia jambo hilo kwa sababu linawapunguzia gharama. Hapo lawama ni yao, na hakuna semina ya maadili itakayoiondoa. Chombo kinachouza gazeti au matangazo kwa jina la habari za kusini kilipe mafuta ya pikipiki ya anayezitafuta.

Turudi kwenye sheria, maana ipo. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupata habari. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka kila taasisi ya umma iteue afisa habari wa kushughulikia maombi ya wananchi, na inataka ombi lijibiwe ndani ya siku 30. Anayenyimwa anaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha anakata rufaa kwa waziri. Kwa mtafiti wa chuo kikuu siku 30 zinavumilika. Kwa mkulima wa Newala haziwezi kuvumilika, na sababu ni ubwiri unga.

Ugonjwa huo ndio adui mkubwa wa mkorosho. Unashambulia machipukizi na maua kama vumbi jeupe, na dawa yake inayojulikana na kila mtoto wa kusini ni salfa. Salfa inapulizwa wakati wa maua, kuanzia kama Mei au Juni, na inarudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Mkulima asipopata mfuko wake raundi ya kwanza, maua yanakauka na hakuna siku itakayoyarudisha. Hebu sasa mwandishi aandike barua Juni mosi kuuliza mifuko mingapi imefika kata fulani na nani ameipokea. Ofisi ikijibu siku ya 30, imetii sheria kikamilifu, na mkorosho umekwisha kupoteza raundi mbili. Habari ya salfa ina uhai mfupi kuliko ua la mkorosho. Kuipeleka kwenye mlolongo wa maombi, mapitio na rufaa ni sawa na kuikataa.

Dawa ya hili ni kuziondoa namba za kawaida kwenye mikono ya anayesubiri ruhusa. Kuna mambo ambayo hayahitaji msemaji kabisa. Mifuko ya salfa iliyopokelewa na kugawiwa kila kata. Bei ya juu na ya chini ya kila mnada, na tani zilizouzwa. Makato yote yanayokatwa kwenye kilo moja, kuanzia ushuru wa halmashauri hadi usafiri, ghala na chama, yameandikwa moja moja. Tarehe ambayo fedha za kila chama cha msingi zimeingia benki. Haya yote yapo tayari kwenye daftari la mtu fulani ofisini. Yakibandikwa kwenye ubao wa kata na kutumwa kwa vyombo vyote kwa wakati mmoja, ikiwemo Redio Fadhila ya Masasi na redio nyingine zinazosikika vijijini, nusu ya ugomvi wa waandishi na maafisa habari inakwisha siku hiyo. Mwandishi hatapiga simu kuuliza bei. Atapiga kuuliza kwa nini, na hilo ndilo swali linalostahili muda wa afisa.

Na kwa maswali ya kwa nini, afisa habari awe na kiti kwenye menejimenti, akae mpaka mwisho wa kikao na daftari lake. Awe na barua ya mkurugenzi inayotaja kwa majina mambo anayoruhusiwa kuyajibu papo hapo bila kupiga simu kwa mtu. Awe na ulinzi wa maandishi kwamba hataadhibiwa kwa kusema kweli iliyomo kwenye faili. Hili halimfanyi adui wa bosi wake. Linamfanya mtu anayeaminika, na siku ya taharuki, kama ile ya Masasi Januari 2013, mtu anayeaminika atahitajika kuliko magari ya polisi.

Bei za minada zinaonekana leo kwenye skrini ya TMX, na Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa msimu ulifunguliwa kwa bei iliyovuka shilingi 4,000. Bei nzuri inapunguza malalamiko, na ofisi zinaweza kudhani tatizo limekwisha. Halijaisha. Skrini inaonyesha bei ya mnunuzi. Haionyeshi kilichobaki mfukoni mwa mkulima baada ya makato, wala haisemi kwa nini kijiji kimoja kimelipwa wiki hii na kingine bado.

Masasi na Newala kuna halmashauri nne zinazohusika moja kwa moja, Mji wa Masasi, Wilaya ya Masasi, Mji wa Newala na Wilaya ya Newala, na vyama vikuu viwili, MAMCU na TANECU. Ni ofisi sita. Wakurugenzi wanne na mameneja wawili wanaombwa waandike barua ya kurasa mbili inayosema afisa wao anaruhusiwa kutamka nini, na wabandike orodha ya makato kabla ya mnada wa kwanza wa msimu ujao. Barua hiyo haihitaji fedha kutoka Dodoma wala mabadiliko ya sheria. Inahitaji sahihi yao tu.